Mtoto analia sikio usiku wa manane: kabla ya kumimina chochote, tujue kwanza kinachouma

MamaPacha_Kondele (mleta mada)

Habari zenu wadau. Nimekaa na jambo hili moyoni wiki nzima, leo nimeamua kulileta hapa kwa sababu najua wazazi wengi wamepitia.

Nina mapacha wa miaka minne, msichana na mvulana. Wiki jana msichana alishikwa na mafua ya kawaida, kamasi na kikohozi kidogo. Nikampa maji ya limau na asali, nikaona yatapita. Siku ya tatu, saa saba usiku, akaamka na kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Ameshika sikio la kushoto, hataki kulala upande wowote, hataki kuguswa, mwili unachemka. Baba yao alikuwa safarini. Mvua ilikuwa inamwagika na hakuna bodaboda aliyeshika simu.

Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu kama mzazi wangu, alisikia kilio akaja na tochi. Akapasha mafuta ya kupikia na kitunguu saumu, akayapima joto kwenye mkono wake, tukamtia mtoto matone matatu na kuziba na pamba. Alilia zaidi. Kisha kwenye saa kumi alfajiri akanyamaza ghafla, akalala fofofo. Tukamshukuru Mungu. Nikasema mafuta yamefanya kazi.

Kulipokucha nikakuta mto umelowa. Majimaji ya njano yaliyochanganyika na damu, yanatoka sikioni. Nilihisi miguu inaniishia nguvu. Tukakimbia dispensari, wakaangalia kwa kile kifaa chenye taa, wakaniambia ngoma ya sikio imetoboka. Wakanipa amoksilini ya siku tano na parasetamoli, wakaniambia nirudi. Foleni ilikuwa ndefu sana na sikupata nafasi ya kuuliza maswali yangu, kwa hiyo nayauliza hapa.

Je, mimi ndiye niliyemtoboa mtoto sikio kwa yale mafuta? Mbona maumivu yaliisha wakati kitu kimeharibika? Hilo tundu litaziba? Na kwa nini ndugu yake, ambaye wanalala kitanda kimoja na walipata mafua pamoja, hana chochote? Tangu siku ile nikimwita msichana akiwa amenipa mgongo haitiki, na akiwasha redio anaiongeza sauti mpaka nyumba nzima inatetemeka. Naogopa.

Shamba_la_Mumias

Pole sana dadangu. Hayo mambo yanatisha usiku. Sisi huku tumelelewa kwa maji ya kitunguu. Unachoma kitunguu kwenye majivu, unakamua, matone mawili, kesho mtoto anacheza. Mama yangu alitulea tisa hivyo na hakuna kiziwi. Labda yale mafuta yalikuwa moto kupita kiasi tu. Usijilaumu.

KlinikiVihiga

Mama Pacha, pole. Mimi ni ofisa wa kliniki, nimefanya kazi ya zahanati na wadi ya watoto kwa miaka kumi na moja huku Vihiga. Nitajibu kwa urefu kwa sababu swali lako ni zuri na kuna mambo ningependa kila mzazi ayajue.

Kwanza, wewe hukumtoboa. Ondoa hilo moyoni.

Sikio lina vyumba vitatu. Cha nje ni lile tundu unaloliona, linaishia kwenye ngozi nyembamba iliyotandazwa kama ngoma, ndiyo maana tunaiita ngoma ya sikio (vitabu vinaiita kiwambo). Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo cha kati chenye hewa na vijifupa vitatu vinavyobeba sauti. Ndani zaidi kuna sikio la ndani, penye neva za kusikia na usawa wa mwili. Chumba cha kati kina mlango mmoja tu wa kuingiza hewa: mrija mwembamba unaoteremka mpaka nyuma ya pua na koo. Kila unapomeza mate au kupiga mwayo, mrija ule hufunguka kidogo.

Kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sawa na sakafu. Mtoto akipata mafua, mrija unavimba na kuziba. Chumba cha kati kinakosa hewa, kinajaa maji, vijidudu kutoka puani vinapanda na kuzaliana humo. Usaha unaongezeka katika chumba kisicho na pa kutokea, unaisukuma ngoma kwa nje, na ngoma ina neva nyingi za maumivu. Hicho ndicho kilio ulichokisikia saa saba. Akilala chali shinikizo linazidi, kwa hiyo usiku ndio wakati mbaya.

Saa kumi alfajiri ngoma ilipasuka. Usaha ukapata njia, shinikizo likashuka, maumivu yakakatika. Mafuta hayakuponya na hayakutoboa. Lakini kuna sababu bado nakuambia usiyarudie: kama ngoma ilikuwa imeshatoboka kabla, mafuta yale yangeingia moja kwa moja kwenye chumba cha kati, mahali pasipotakiwa kuingia kitu chochote. Gizani, nyumbani, hakuna anayeweza kujua kama ngoma iko nzima. Hata mimi bila kifaa changu sijui.

Tundu la namna hii mara nyingi huziba lenyewe ndani ya wiki chache. Kazi yako ni kulisaidia likae kavu. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini isiyokatika, ukisokote kiwe kama utambi wa taa. Kiingize taratibu kwenye mlango wa sikio, kikilowa kitoe, weka kingine kikavu, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usitumie kijiti cha kiberiti wala vile vijiti vya pamba vya dukani, maana vinasukuma uchafu ndani. Usiache pamba imekaa sikioni siku nzima, usaha unahitaji kutoka. Wakati wa kuoga weka pamba iliyopakwa Vaseline kwenye mlango wa sikio, ukimaliza itoe. Asiogelee mpaka daktari aseme limeziba.

Dawa maliza siku zote tano hata akianza kucheza siku ya pili. Parasetamoli pima kwa uzito wake kama ulivyoelekezwa, na usimpe mtoto aspirini.

Kuhusu kusikia: chumba cha kati kikiwa na majimaji, sauti haipiti vizuri. Ni kama mtu anayeongea huku wewe uko chini ya maji. Kwa watoto wengi hurudi, lakini majimaji yanaweza kukaa wiki kadhaa hata baada ya maumivu kwisha, kwa hiyo lazima umrudishe aangaliwe. Ukimwita na haitiki, usimkaripie.

Kuhusu ndugu yake: mafua ni yale yale, lakini mrija wa kila mtoto una umbo lake, na si kila mafua yanapanda. Huyo naye kesho anaweza kuugua na huyu asiugue.

MamaPacha_Kondele

Daktari, nimelia nikisoma. Asante. Nimemsomea jirani naye amelia. Naomba kuuliza, ni dalili gani zikitokea nisingoje hata asubuhi?

KlinikiVihiga

Uvimbe nyuma ya sikio, kwenye ule mfupa, ambao ukiugusa anaruka kwa maumivu, na sikio linaonekana limesukumwa mbele. Hapo maambukizi yameingia kwenye mfupa. Hospitali kubwa siku hiyo hiyo, mvua isiwe sababu. Vivyo hivyo shingo ikikakamaa, akitapika kila kitu, akilegea au kupata degedege, akipata kizunguzungu cha kuanguka, au upande mmoja wa uso ukilegea mdomo ukaenda upande. Na mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye homa au asiyenyonya, hata kama hujui ni sikio, mpeleke.

Kisha kuna kanuni ya siku 14 tunayoitumia zahanati. Usaha wa chini ya siku 14 ni ugonjwa wa ghafla, tunaupa antibayotiki ya kunywa. Ukizidi siku 14, ni ugonjwa mwingine, sugu, na matibabu yanabadilika. Hapo dawa ya kunywa pekee haisaidii sana, dawa kubwa ni kulikausha sikio na matone maalumu.

Kijana_wa_Dunga

Daktari samahani nikiingilia. Mimi ni mtu mzima, naishi kando ya ziwa, naoga na kuogelea humo karibu kila siku. Sina mafua, sina homa. Lakini sikio langu la kulia likivutwa kidogo tu, hata nikitafuna, natamani kupiga kelele. Linawasha pia. Nimekuwa nikilichokonoa na kifuniko cha kalamu kwa sababu linawasha sana. Ni ule ugonjwa wa mtoto?

KlinikiVihiga

Kaka, umeshatoa jibu mwenyewe. Bonyeza kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio, au vuta sikio juu. Kama maumivu yanapanda ghafla, ugonjwa uko kwenye njia ya nje, si nyuma ya ngoma. Ule wa mtoto hauumi kwa kuvutwa.

Ngozi ya njia ya sikio inalindwa na nta. Maji ya kila siku yanailainisha na kuiondoa, kisha kalamu inaichuna. Bakteria wanapata mlango. Dawa yake ni matone ya antibayotiki, wakati mwingine yenye kitu cha kupunguza uvimbe, pamoja na dawa ya maumivu, na kutoka majini kwa wiki moja au zaidi. Vidonge vya kunywa havihitajiki kwa wengi. Ila nenda uangaliwe kwanza, kwa sababu kuna ndugu wa ugonjwa huu anayefanana naye sana: kuvu. Kuvu huwasha kuliko kuuma, na daktari akitazama huona vitu kama pamba nyeupe au nukta nyeusi. Ukimtilia mtu mwenye kuvu matone ya antibayotiki wiki baada ya wiki, kuvu inanenepa. Huyo anahitaji kusafishwa sikio na kupewa dawa ya kuvu. Huku ziwani, joto na unyevu vikikutana, tunaiona mara kwa mara.

Una kisukari? Nauliza kwa dhati. Mtu mwenye kisukari, hasa mzee, akipata maumivu makali ya sikio la nje yanayomnyima usingizi, asikae nyumbani na matone ya dukani. Maambukizi hayo kwake yanaweza kula mpaka mfupa wa fuvu.

Kijana_wa_Dunga

Sina kisukari, ila baba anacho. Nitampigia leo. Kalamu nimeitupa.

Dereva_MauSummit

Naendesha matatu ya Nakuru na Kisumu. Nisaidieni na hili. Nakuru iko juu kama mita 1,850, tunapanda mpaka Mau Summit, tunapita Kericho, halafu tunaanza kuteremka kuelekea Awasi na Ahero hadi Kisumu ambayo iko kama mita 1,130. Kwenye mteremko ule abiria wengi wanashika masikio, na watoto wachanga huanza kulia wote kwa pamoja kama wameambizana. Akina mama wanadhani ni njaa au gari lina joto. Mimi mwenyewe nikiwa na mafua linauma mpaka machozi.

KlinikiVihiga

Ni mrija ule ule niliouelezea. Unapoteremka, uzito wa hewa nje unaongezeka haraka, na hewa ya chumba cha kati inabaki ya kule mlimani. Ngoma inavutwa ndani. Mrija ukifunguka, pap, mambo yanasawazika. Ukiwa na mafua haufunguki, ndiyo maana unaumia zaidi. Abiria wa ndege wanapokaribia kutua hupatwa na jambo hilo hilo.

Waambie akina mama wanyonyeshe wakati wa kuteremka. Kunyonya ni kumeza, na kumeza ndiko kunakofungua mrija. Watu wazima watafune njugu au miwa, wapige miayo. Kubana pua na kupuliza taratibu kunasaidia, lakini taratibu kweli, na usifanye ukiwa na mafua mazito kwa sababu unaweza kusukuma kamasi juu.

Dereva_MauSummit

Kuanzia kesho nitawatangazia tukivuka Kericho. Asante.

Baba_Lurambi

Niseme langu ili mwingine asilirudie. Mwaka juzi mwanangu wa miaka mitatu aliingiza harage sikioni wakati mama yake anachambua maharagwe. Hakusema. Tuliliona siku ya pili alipoanza kulalamika. Nikajaribu kulitoa kwa kibanio cha nyusi, likazidi kwenda ndani. Nikasema nimimine maji lielee litoke. Harage kavu likitiwa maji mnajua linavyofanya. Lilivimba pale ndani, njia yote ikajaa, mtoto akawa analia hadi anakosa pumzi. Ilibidi alazwe usingizi hospitalini ndipo litolewe. Nilikaa nje ya mlango ule wa chumba cha upasuaji kwa saa mbili, na sitazisahau.

KlinikiVihiga

Asante kwa kusema hadharani, mzee. Nafaka na mbegu, maharagwe, mahindi, njugu, usitie maji kamwe. Na usichokonoe kitu chochote cha mviringo, kwa sababu kila ukigusa kinateleza kwenda ndani. Mara ya kwanza ya kutoa ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi, iachie mtu mwenye vifaa na mwanga.

Mdudu ni tofauti. Mdudu aliye hai anapapatika juu ya ngoma na maumivu yake yanaweza kumfanya mtu mzima akimbie nje uchi. Kama una hakika sikio hilo halina historia ya kutoboka wala usaha, lalia upande mwingine, tia mafuta ya kula vuguvugu, yasiwe moto, mdudu afe. Kisha nenda akatolewe. Hapa ndipo pekee ninapokubali mafuta. Dawa ya kuua wadudu na mafuta ya taa, hapana. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi ya sikio.

Na nisikilizeni vizuri kwa hili: ile betri ndogo bapa kama kitufe, ya saa, ya rimoti, ya vichezeo vinavyopiga muziki. Ikiingia sikioni au puani inaunguza nyama ndani ya saa chache. Usitie tone lolote, kwa sababu unyevu unaharakisha. Nenda hospitali hapo hapo, usiku au mchana.

Mwalimu_Butere

Nimesoma yote na nina uchungu. Nafundisha darasa la pili. Kila mwaka napata mtoto mmoja au wawili ambao sikio linatoa usaha wenye harufu. Hawalii, hawana homa. Wazazi wanasema "amezoea, atakua yataisha." Watoto wenzao hawataki kukaa naye dawati moja. Naye hajibu swali mpaka uliseme mara tatu, na sisi walimu tunamwita mkaidi. Niliwahi kumwambia mmoja, mbele ya darasa, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Mwezi mmoja baadaye nikagundua sikio lile halijawahi kupewa dawa hata siku moja. Nilimwomba msamaha yeye na mama yake.

Huku kwetu Mumias kuna shule ya viziwi ya miaka mingi na inafanya kazi ya heshima. Lakini mtoto yule hakuhitaji kupelekwa huko. Alihitaji kukaushwa sikio. Daktari, tufanye nini na hawa?

KlinikiVihiga

Mwalimu, Mungu akubariki. Hao ndio wanaonikosesha usingizi kuliko wanaolia. Anayelia analetwa. Asiyeumwa haletwi na mtu, na huku anapoteza usikivu mwaka baada ya mwaka.

Huo ndio ugonjwa sugu niliousema, wa zaidi ya siku 14. Tundu halikuziba, na kila maji au mafua yakija usaha unaanza upya. Utambi mara tatu kwa siku, na baada ya kukausha, matone ya jamii ya siprofloksasini, kwa wiki mbili. Wazazi wachoke wasichoke, ukaushaji ndio kazi yenyewe. Matone yakitiwa juu ya usaha hayafiki popote.

Hapa niwaonye kuhusu kemisti. Watu hununua matone ya sikio kama wanavyonunua sabuni, na mara nyingi wanapewa ya jentamisini. Dawa hiyo ikipita kwenye tundu la ngoma na kufika sikio la ndani, inaweza kudhuru neva za kusikia. Uliza jina la dawa. Sema wazi: "Sikio hili linatoa usaha."

Usaha wenye harufu kali usiokoma hata ukitibiwa vizuri unahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Wakati mwingine kuna ngozi iliyokua mahali pasipotakiwa nyuma ya ngoma, inakula vijifupa pole pole, na hiyo haiponi kwa matone bali kwa upasuaji. Na sikio sugu lisilouma likianza kuuma, au likija na kichwa kuuma na kizunguzungu, ni dharura. Hospitali kuu za rufaa, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu au ya Moi kule Eldoret, zina kliniki hiyo. Omba barua ya rufaa kutoka zahanati yako.

Darasani mkalishe mbele, sikio zima likuelekee wewe. Zungumza ukimtazama usoni. Vituo vya tathmini ya elimu, EARC, ambavyo vimekuwepo tangu 1984, vinaweza kumpima.

Mkulima_Njoro

Sikio langu liliniuma miezi miwili. Nilitumia matone ya kila aina. Mwisho daktari mmoja akatazama sikio akasema ni safi kabisa, akaniambia fungua mdomo. Gego la nyuma lilikuwa limeoza mpaka mzizi. Liling'olewa na sikio likapona siku hiyo.

Lakini ninachotaka kusema hasa ni cha mjomba wangu. Naye alilalamika sikio, upande mmoja, miezi mingi. Mzee wa miaka sitini na kitu, mvutaji wa sigara tangu ujana. Kila mara matone. Sauti ikaanza kukwaruza, tukasema ni vumbi la shamba. Akaanza kushindwa kumeza ugali. Ilipojulikana kuwa ni saratani ya koo ilikuwa imeenda mbali. Tulimzika mwaka jana. Hakuna aliyetuambia kwamba koo linaweza kuuma likajionyesha sikioni.

KlinikiVihiga

Pole sana, kaka. Ninaomba kila anayepita hapa asome maneno yako mara mbili.

Neva za sikio zimeungana na za meno, taya, mafindofindo na koo. Ubongo hauwezi kutofautisha vizuri maumivu yametoka wapi. Kwa hiyo sikio linalouma huku ndani likionekana zima, tunatafuta kwingine: gego, kiungo cha taya kwa wanaosaga meno usiku, mafindofindo, koo. Mtu mzima, hasa mvutaji au mnywaji, mwenye maumivu ya sikio moja yasiyo na maelezo, yanayoendelea zaidi ya wiki mbili au tatu, achunguzwe koo na mtaalamu. Sauti ikibadilika au kumeza kukiwa kugumu, asisubiri hata hizo wiki.

Na mtu akipata maumivu makali ya sikio, vipele vya maji sikioni na uso kulegea, ni virusi vya tetekuwanga vilivyoamka. Dawa yake inafanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya siku tatu.

Shamba_la_Mumias

Daktari, mimi ni yule wa kitunguu. Nimesoma yote na sitaki kubisha kwa ubishi. Lakini nieleze hili: kama kitunguu hakifanyi kazi, mbona sisi tisa tulipona?

KlinikiVihiga

Swali la haki. Watoto wengi wenye maumivu ya sikio yatokanayo na mafua hupata nafuu ndani ya siku mbili tatu bila dawa yoyote. Mwili unashinda, au ngoma inapasuka na kuziba. Kitunguu kilikuwepo wakati mwili unafanya kazi, kikapokea shukrani. Ndiyo maana kuna nchi ambako daktari akiona mtoto mkubwa kidogo, asiye na homa kali wala usaha, humpa dawa ya maumivu tu na kumwambia mzazi arudi baada ya siku mbili au tatu kama hajapata nafuu. Sisi zahanati hapa tunafuata mwongozo wa kutoa amoksilini, na naona ni sawa kwa mahali ambapo mzazi huenda asiweze kurudi.

Kwa wale wachache ambao mwili haukushinda, kitunguu kilichelewesha safari ya hospitali. Maziwa ya mama vilevile: mnyonyeshe mtoto, kwa sababu kunyonya kunampunguzia magonjwa ya masikio, lakini yapite mdomoni, yasitiwe sikioni.

Mama yako alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho. Usiku wa manane kama wa Mama Pacha, ningemshauri hivi: parasetamoli, mbebe akiwa wima au mwinue kichwa kwa mito, kitambaa cha uvuguvugu juu ya sikio kwa nje, na kukipambazuka zahanati. Ndani ya sikio kusiingie kitu.

Shamba_la_Mumias

Nimekuelewa daktari. Parasetamoli tutakuwa nayo nyumbani. Asante kwa kutomtukana mama yangu.

Mama_Nyalenda

Swali fupi. Kuna chanjo?

KlinikiVihiga

Ya sikio peke yake hakuna, lakini chanjo ya nimonia ambayo Kenya iliianza mwaka 2011, inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inapigana na mojawapo ya bakteria wakubwa wa ugonjwa huu. Angalia kitabu cha kliniki kama amemaliza. Mengine ni ya nyumbani: usimpe chupa akiwa amelala chali, na mwondoe kwenye moshi wa kuni na wa sigara. Moshi unavimbisha mrija kama mafua.

MamaPacha_Kondele

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu kama nilivyoahidi.

Utambi nilifanya mara tatu kila siku. Siku za mwanzo alikuwa anakimbia chini ya kitanda akiniona na kitambaa, baadaye akawa anakiomba kwanza amtie mwanasesere wake. Usaha ulikauka siku ya sita. Jikoni nimehamisha meko yakawa kwenye ukumbi wa nje, mvua ikinyesha tunabanana lakini moshi hauingii chumbani kwao.

Leo tumerudi dispensari. Jirani yangu alisisitiza kunisindikiza, alitaka aone mwenyewe. Wameangalia wakasema ngoma imeziba, imebaki alama ndogo, na majimaji yamepungua sana. Turudi mwezi ujao wamwangalie tena. Jirani akauliza kama anaweza kuchungulia kwenye kile kifaa chenye taa, sista akamruhusu. Alikaa muda mrefu akitazama.

Jioni hii nimewasha redio ya jikoni kwa sauti ile tuliyoizoea wiki hizi zote. Binti yangu ameinua kichwa kutoka kwenye sahani akaniambia, "Mama, punguza."